Labda ya Bwana Maji

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa rundo la mashati meupe na ndoo moja ya maji, nikauliza ndoo nyingine ziko wapi. Mpishi, mzee wa Chiungutwa aliyekwisha kuwapikia wazungu mpaka Lindi, akacheka. "Hapa Newala, binti. Hiyo hiyo moja ufulie, usuuzie, na maji yatakayobaki ukamwagie mchicha wangu." Ndivyo nilivyoanza udobi, enzi za Mwingereza, kwa mzungu aliyekuja kututafutia maji.

Tulimwita Bwana Maji. Kazi yake kupima chemchemi za bondeni, aone kama mashine itaweza kuyasukuma maji yapande mpaka huku juu. Nyie wajukuu mnafungua koki tu. Sisi tulishuka mteremko alfajiri na mitungi, tukapanda jua limeshakuwa kali, shingo imeingia mabegani. Basi nikajifunza kufua kwa kubania: nyeupe kwanza, halafu za rangi, halafu soksi, maji yale yale. Bluu ya kufulia kidogo kwenye maji ya kusuuzia, shati ling'ae. Wanga wa muhogo kwenye kola, isimame. Pasi ya mkaa unaipuliza majivu kwanza, la sivyo shati umeliua.

Sasa, nilikuwa na jambo langu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Somoe. Mimba iliyomfuata ilitoka nikiwa njiani napanda na mtungi, na sasa nilikuwa nayo nyingine. Mume wangu akasema kama bomba haliji, tuhamie kwa wajomba zake kule Ruvuma, mtoni, tuwahi kufyeka shamba kabla ya mvua. Mimi sikutaka kumwacha mama yangu, mzee yule. Akaniambia, wewe si ndiye unayemfulia Bwana Maji, muulize.

Nikauliza. Bwana Maji akakuna kidevu akasema pahapsi. Mpishi akanifasiria: labda. Roho ikaporomoka. Maana kwetu ukienda kuposa ukajibiwa labda, chukua kofia yako uende, umekataliwa kwa adabu. Nikarudi nikamwambia mume wangu bomba haliji, akaanza kunoa panga.

Kesho yake mpishi akaniona nimenuna, akaniuliza, nikamweleza. Akacheka mpaka kisu kikamdondoka. "Mama Somoe, huyu hajakukatalia. Labda ya huyu ni labda kweli."

Akanifundisha huku anamenya viazi. Akisema probabli, moyo umeelekea kwenye ndiyo. Pahapsi, kasimama njia panda. Ai dauti, ameshaanza kurudi nyuma. Ai sapozi, anakubali lakini hajapenda. Nikashangaa mno, watu wana maneno yote hayo ya kutokuwa na hakika. Tangu hapo nikawa naanika nguo karibu na baraza makusudi, namsikiliza akiongea na msaidizi wake. Mvua, meibi, ndugu yake pahapsi. Gari kutoka Masasi, ai dauti, na kweli halikufika. Mganga wetu hajasema hajui hata siku moja, na huyu mwenye vyombo vya kupimia ardhi nzima anasema kutwa. Nilimpenda kwa hilo.

Nikamfuata tena, safari hii mwenyewe. Nikamuuliza kama maji yatapanda kabla sijajifungua. Akaweka kikombe chini, akalitazama tumbo langu.

"Sijui, mama," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi kweli sijui."

Jioni nikamwambia mume wangu: bomba linaweza kuja, linaweza lisije, mwenyewe hajui. Lakini mtoto tunajua anakuja. "Kwa hiyo maji utateka wewe."

Akanitazama kama nimemwambia ajifunge kanga. Mwanamume kuteka maji, huku kwetu! Lakini akafunga madebe kwenye baiskeli, akashuka. Kurudi akaisukuma mlima mzima, wanawake wanamfuata nyuma na maneno.

"Mama Somoe mpya, leo umepika nini?"

"Ugali," akajibu. "Njooni na mboga."

Na kesho yake akaenda tena, mpaka Hamisi akazaliwa, mzima, kilio chake kinasikika kijiji kizima. Baadaye wanaume wengine nao wakaanza kufunga madebe, kila mmoja anasema baiskeli yake ilikuwa inaelekea huko huko.

Bwana Maji alihamishwa. Nikawafulia mabwana wengine, Newala na Masasi, mpaka mikono ikakataa kukamua, nikaacha. Wengi wao walikuwa na uhakika wa kila kitu, na sikumbuki hata kimoja walichosema.

Bomba lilikuja, Hamisi ameshaanza kukimbia. Siku ya kulifungua tulipanga mstari tunapiga vigelegele, namtafuta mume wangu simwoni. Nikamkuta nyuma ya nyumba anafunga madebe kwenye baiskeli. Nikamwambia, maji si hayo yametoka?

Akavuta kamba, akakaza.

"Yametoka leo," akasema, akaondoka zake kuelekea bondeni.