Mama Saini na Amri ya Saa Nne

Mtaani wanamwita Mama Saini, na hawakumwonea. Shemeji yake akiazima jembe, anasainishwa kwenye daftari, saa na dakika.

"Shemeji, hata mimi ndugu?"

"Ndugu ndio wabaya zaidi. Weka saini."

Kazi yake ni kupeleka amri za mahakama maofisini, mwaka wa kumi na tisa huu. Roho ya kushuku hakuzaliwa nayo. Zamani aliwahi kuacha amri ya kuzuia ubomoaji mezani kwa watu, wakamwambia kwa tabasamu, "Nenda mama, tutasaini." Wakasaini kweli, tarehe ya kesho yake. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimeshalala chini.

Jumatatu hii akapewa amri nyingine. Bunge lilishatunga sheria kwamba mtu habomolewi kibanda kabla ya kusikilizwa; jaji naye akaamuru soko la mitumba lisiguswe. Lakini jaji hana tingatinga, ana karatasi. Tingatinga ni la serikali, na lilipangiwa kuanza saa sita.

Saa nne yuko ofisi ya mkurugenzi wa ardhi. Katibu muhtasi alikuwa anakagua kucha zake.

"Bosi katoka. Tuachie hapo."

Mama Saini akaangalia sinia. "Katoka, chai yake inafuka moshi?"

"Ni yangu."

"Vikombe vyote viwili? Una kiu, mwanangu." Akavuta kiti, akapakata mkoba. "Ukikataa kusaini, naiacha mbele ya hawa walio kwenye benchi, naenda kuapa mahakamani kwamba umekataa. Jina lako nalisoma hapo kifuani."

Katibu akanyakua kalamu, akasaini, akagonga muhuri. Mama Saini akasoma: saa nane mchana.

"Saa yako inakimbilia wapi? Andika saa nne na robo. Kwa maneno."

Akaandika. Nyuma ya mlango wa ndani mtu akakohoa, kikohozi cha bosi kabisa.

Mwingine angerudi zake mahakamani. Yeye akaenda sokoni. Tingatinga lilikuwa limeshaelekezwa kwenye vibanda, linanguruma. Dereva akasoma nakala ya amri, akapiga simu, akazima injini.

"Haya mama, tumeacha. Nenda kapumzike."

"Na ufunguo?"

Dereva akacheka, akauchomoa, akautia mfukoni. Mama Saini akafungua daftari.

"Saini kwamba umezima. Na saa."

Akasaini. Mama Saini akaazima kigoda kwa muuza mashati, akakaa akiutazama mfuko ule.