Breki Kwanza, Upuuzi Baadaye

Gari yangu ni ile ya mabati ya kizamani ambayo watu wanaita mia na tisa. Umri wake haujulikani. Mimi huwa nasema ilikuwepo huku Upare kabla ya milima, milima ikaja kuota chini yake. Nilipoinunua ilikuwa imelala kwenye migomba ya mzee mmoja, na kule nyuma walikuwa wanaishi nyuki. Tukaelewana na wale nyuki: wao wabaki nyuma, mimi nichukue usukani. Muda wote waliokaa sikuibiwa hata bisibisi.

Ilikuwa fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Hiyo ni kwa maneno. Kwa vitendo lilikuwa linavuta moja, mawili yanashangilia, la nne limeshakata tamaa. Breki yake ilikuwa ya kuombea. Ukitaka kusimama sokoni, unaanza kukanyaga ukiwa bado kwako. Na moshi ikitoa, majirani wanaanua nguo.

Mama watoto alivumilia sana, kwa sababu gari ilikuwa inakula kuliko watoto wote. Siku moja akanikalisha chini. Akasema msimu huu wa tangawizi ndiyo wa mwisho. Kama ukiisha na gari haijaleta chakula ndani ya nyumba hii, inakwenda kwa kaka yake, aigeuze banda la kuku. Huyo kaka yake, shemeji yangu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mfereji tu. Alishawahi kuja kuipima kwa kamba nikiwa nimelala chini yake nafunga nati. Akaniuliza kama madirisha yanafunguka, kwa sababu kuku wanahitaji hewa. Nikamjibu kuku wake wahame dini kwanza.

Sasa bahati ikatokea. Kuna mama mmoja wa Same mjini ananunua tangawizi. Akatangaza huku juu kwamba anatafuta gari ya kumshushia mzigo msimu mzima. Malori yalikuwa hayataki kupanda mvua ikinyesha, na pikipiki zilikuwa zinabeba magunia mawili zinaanguka na matatu. Akasema gari itakayomfikishia mzigo wa kwanza mzima mzima, hiyo ndiyo yake. Mimi nikaona kazi ni yangu, imebaki kuirembesha gari kidogo.

Tukauza dume letu la ng'ombe mnadani Same. Mmasai aliyelinunua alilizunguka kama anaposa, akaliangalia meno, halafu akaniangalia mimi meno. Hela akaipokea mama watoto, akaifunga kwenye pindo la khanga, fundo ambalo hata panya hafungui. Watu wanatusema Wapare tunaweza kuuza ng'ombe ili tupate nauli ya kwenda kwenye kesi ya kuku. Waongo. Nauli tunakopa.

Tukaenda gereji moja ya pale mjini, chini ya mti wa mwarobaini, kwa fundi mmoja mnene asiyeweza kuingia chini ya gari, kwa hiyo anatengeneza kwa kusikiliza. Mimi nilikuwa nimeshapanga. Nilitaka winchi mbele, taa kubwa za juu ya paa, na lile bomba la kupumulia linalopanda pembeni mwa kioo ili gari ipite kwenye maji marefu.

Fundi akaniuliza maji hayo marefu yako wapi. Same hii, mbuzi akiona dimbwi anaita wenzake waje washuhudie. Nikamwambia huwezi kujua.

Akafuta mikono, akamgeukia mama watoto, kwa sababu alishaona fundo la khanga liko upande gani.

"Dada yangu, hela ikiwa ndogo unakwenda hivi. Kwanza kinachokusimamisha. Halafu kinachokushika chini. Halafu kinachokubebea mzigo. Kikibaki ndiyo unanunua upuuzi."

"Breki, tairi, springi," mama watoto akasema.

"Hapo hapo."

"Na hivyo vitu vya huyu?"

"Hivyo ndiyo upuuzi wenyewe."

Nilijitetea mpaka jasho. Nikasema winchi ni ya maana, gari ikikwama unafunga kamba kwenye mti, inajivuta yenyewe. Fundi akasema gari yangu na winchi vikivutana, kitakachotoka mbele ni bampa peke yake, mimi nitabaki na usukani mkononi. Mama watoto akacheka, na akishacheka ujue ameshaamua.

Basi breki zikawekwa mpya, zote. Tairi zikapatikana za nyuma mbili, mtumba, zenye meno makubwa kama ya mamba mwenye njaa. Hapo fundo likawa limelegea. Springi hatukuweza. Fundi akaongeza jani moja la chuma alilokuwa nalo, chini yake akachomeka kipande cha mti wa mkaratusi, akakipiga nyundo, akasikiliza, akasema kitatosha msimu. Nilivyonuna akanihurumia. Akanipa honi ya bure, ya basi moja lililokufa zamani, tarumbeta lake limepasuka. Akanifungia juu ya paa. Nikajisikia tajiri. Sikuipiga siku hiyo. Niliitunza kwa ajili ya siku ya mzigo, niingie Same kama waziri.

Siku ya mzigo ilikuja na mvua ya tangu alfajiri. Tukapakia magunia mpaka gari ikakaa chini kama kuku anayeatamia. Shemeji akasema ananisindikiza. Nilijua anakwenda kuangalia banda lake linavyoharibika. Akakaa kando yangu, akawa kila tukiruka shimo anapapasa bati kuona kama limechubuka.

Tulishuka vizuri mno. Nikikanyaga breki, gari inasimama, mpaka nikaogopa, nilikuwa sijazoea kutiiwa. Nilisimama sehemu nyingine bila sababu, raha tu. Shemeji alikuwa anahuzunika.

Tukafika kwenye ile kona mbaya inayozunguka mwamba, chini yake korongo. Maji yalikuwa yamekula ukingo, barabara imebaki nyembamba. Nikakanyaga breki, ikasimama safi. Tatizo likawa kuondoka. Yale meno ya nyuma yakaanza kuchimba. Mimi naongeza moto, yenyewe yanachimba. Ningeendelea kidogo, tungetokea Kenya kwa chini. Gari ikalala upande wa korongo, magunia yakasogea, kile kipande cha mkaratusi kikalia kwa uchungu. Shemeji alikuwa ameshatoka kupitia dirisha, moja ya yale aliyoulizia.

Huku nje mvua, mtu hakuna. Nikaikumbuka honi. Nikasema niite wa kusukuma. Nikaibonyeza.

Nilitegemea ule mlio wa mabasi, wa mapozi. Kumbe kwa vile tarumbeta limepasuka, ilitoka sauti moja nene, ndefu, ya kutetemesha mbavu. Ikagonga mlima wa huku, ikagonga mlima wa kule, ikarudi. Nikaipenda. Nikabonyeza tena na tena.

Shemeji akaja mbio kwenye mlango, ameshika kichwa. "Acha! Unaita msaragambo!"

Ambaye si wa huku aelewe: msaragambo ni kazi ya wote. Mfereji ukiziba au njia ikikatika, kuna mzee kijijini ana pembe yake, anapanda kwenye jiwe, anapuliza. Ukisikia pembe unaacha hata ugali mdomoni, unachukua jembe unakwenda. Usipokwenda unalipa faini, na faini yenyewe huwa ni jogoo, tena wanakuja kujichagulia. Na honi yangu, hakuna mtu ambaye angeitofautisha na ile pembe, hata mwenye pembe.

Walianza kutokea kwenye migomba kama siafu. Wanaume na majembe, kina mama na masururu na makarai, mmoja ana povu la sabuni upande mmoja wa uso, alikuwa ananyoa. Shoka, panga, kila kitu. Wa mwisho alifika mzee wa pembe mwenyewe, anahema, anataka kujua nani kamchukulia kazi. Nilishuka nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mzee wa kwetu akiacha kuitikia shikamoo, ujue umekwisha.

Akaja mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja mfupi, kajifunika mfuko wa mbolea kichwani. Akaiangalia gari, akaiangalia honi, akaniangalia mimi.

"Nani kapuliza?"

Nikanyoosha kidole juu ya paa.

"Hiyo ina mikono?"

"Mimi, mama. Nilikuwa naita wa kusukuma."

Watu wakaanza kupiga kelele. Wengine wanataka nilipe jogoo kwa kila nyumba. Shemeji alipiga hesabu ya jogoo hao akafurahi, maana wangenunuliwa kwake. Wengine wanataka warudi zao. Mzee wa pembe anataka gari isukumwe, lakini kuelekea korongoni.

Mwenyekiti akawaacha walalamike mpaka wachoke, halafu akasema pembe ikishalia haimezwi. Watu wamelowa, majembe yako mkononi, na kona hii inatuulia wagonjwa kila masika. Kazi ni hii hii. Na kwa vile aliyeita ndiye mwenye kazi, atalisha.

Basi wakaifanyia kazi ile kona. Sijawahi kuona. Wanaume walivingirisha mawe yaliyonizidi mimi na ukoo wangu, wakapanga ukuta kutoka korongoni mpaka juu. Kina mama wakachonga mwamba, wakafungua mtaro maji yahame upande. Waliimba mpaka mvua ikaona aibu ikakata. Mimi nilibeba karai, na kila nikipumzika mzee wa pembe alikuwa ananiangalia tu. Jioni kona ilikuwa pana, harusi mbili zingepishana pale na matarumbeta yake. Gari wakainyanyua kama kitanda cha mtoto. Winchi ya nini.

Mzigo ukafika Same mzima mzima. Yule mama akafungua magunia, akanusa, akasema kazi ni yangu. Kulisha kijiji kulimaliza malipo ya safari ile yote, makande na dengelua, ile pombe yetu ya miwa, maana mtu akishika jembe la watu anakunywa kama ana miguu yenye matundu. Lakini msimu ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Shemeji akakunja kamba yake.

Wiki iliyofuata nikashuka kwenda kuchukua kazi yangu. Nikamkuta yule mama anaongea na kijana wa bajaji. Bajaji, ile ya miguu mitatu, inayoogopa hata matuta ya mjini. Akaniambia baba, pole, lakini huyu amepanda jana mpaka juu kabisa na kushuka, barabara imekuwa nzuri, na mafuta anatumia kibakuli. Nikamuuliza kona ameipitaje. Kijana akanijibu kwa heshima zote kwamba hakuona kona yoyote.

Nikarudi nyumbani. Mama watoto alikuwa anachagua maharage. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, nikiongeza chumvi hapa na pale ili isiume. Akatupa bovu moja, akasema, "Nimeona watu wakitengeneza gari ikafa. Wewe wa kwanza kutengeneza ikakosa kazi."

Msimu ukaisha. Shemeji akaja na wavu, na misumari, na furaha. Yeye na vijana wake wakaisukuma mpaka kwenye mpaka wa viwanja vyetu, akaingiza kuku. Mimi nilikwenda kulala mchana.

Lakini wale kuku, sijui ni ule urefu wa kutoka chini, vicheche hawafiki, wakaanza kutaga kama wamelipwa. Trei zikaanza kushuka Same kwa bajaji. Siku ya kwanza shemeji alitupatia trei moja ya asante, mama watoto akakaanga, tukala. Alipomaliza kula akawa anaangalia ukuta. Nikajua kuna kitu.

Asubuhi akamfuata kaka yake. Akamwambia makubaliano yetu yalikuwa hivi: gari isipoleta chakula ndani ya nyumba yangu, ni yako. Jana tumekula mayai yake. Kwa hiyo imeleta chakula. Kwa hiyo si yako.

"Imeleta baada ya kuwa banda," shemeji akasema.

"Hatukusema ilete ikiwa nini."

"Na msimu ulishaisha!"

"Kuna kiraka cha tangawizi cha bibi yetu kule juu bado hakijang'olewa. Nenda kaangalie."

Kesi ikaenda kwa mwenyekiti. Ilichukua siku nzima, na watu walikuja wengi kuliko wa kwenye kona. Mwenyekiti akakata gari katikati kwa mdomo: kuanzia siti ya dereva kwenda mbele ni ya kwangu na mama watoto, kuanzia hapo kwenda nyuma ni ya shemeji. Yai litakalokutwa upande wa mtu ni la mtu.

Shemeji ameweka viota vizuri huko nyuma, vya majani laini. Mimi juzi nilipata vihela kidogo. Nimekaa nimefikiria sana kianze nini, maana hela ikiwa ndogo lazima upange. Nimenunua sponji mpya, nene, nimeishonea siti ya dereva. Asubuhi hii nimekuta kuku wawili juu yake wanagombania nafasi, na shemeji amesimama dirishani na kamba yake, anapima pa kuweka ukuta.