Kadi Niliyoichana Changamwe

Siku yangu ya kwanza katika masjala ya ghala la mafuta, kule Changamwe, sikupewa kalamu. Karani Mkuu, mzee wa Mji wa Kale aliyevaa kanzu na koti kila siku, alinipa ufagio. Nilifagia kati ya rafu za majalada nikisoma namba kwa sauti mpaka adhuhuri.

"Jalada halina jina," aliniambia. "Lina namba, na namba ni mahali lilipolala. Jina liko kwenye kadi. Umefahamu?"

"Nimefahamu, bwana."

"Hujafahamu. Utafahamu."

Nilikuwa nimeishia darasa la sita, lakini jambo lile lilinivutia. Kadi zilikaa kwenye droo kwa alfabeti, kila moja na jina la mfanyakazi na namba ya rafu. Wengi walikuwa na majina mawili, la nyumbani na la dini. Mtu wa namna hiyo tulimwandikia kadi mbili zenye namba moja, na hakuna iliyokuwa mkubwa wa mwenzake. Ukichana moja, nyingine bado inakufikisha. Juu ya jalada tuliandika kwa penseli idadi ya kadi zake. Ikifika sifuri, tarishi alilitoa na kulichoma, kwa kuwa hakuna tena wa kuliulizia.

Njia ya pili ilikuwa kijikaratasi cha njano: "Fulani, tazama Fulani." Hicho hakikuwa na namba wala hakikuhesabiwa. Kilielekeza kwenye jina tu. Kilitufaa hasa kwa majalada ya ofisi yetu ya Likoni, kwa sababu namba ya rafu ya Changamwe haina maana ng'ambo ya kivuko.

Kitsao Ngumbao alikuwa muosha matangi, mtu wa Kaloleni. Alipooa Mtongwe alisilimu, akawa Saidi Juma. Mwaka mmoja kabla ya uhuru alikuja dirishani.

"Karani, niondolee hilo la Kitsao. Shemeji zangu wawili wameajiriwa hapa. Wakisikia naitwa hivyo, watasema nilisilimu kwa ajili ya harusi."

"Si ndivyo?" nikamtania.

"Wallahi utanigombanisha na mke wangu wewe!"

Nilifungua droo ya S, nikaona jina la Saidi, nikaridhika. Sikutazama kama ni kadi au ni karatasi ya njano. Nikachana kadi ya Kitsao. Kwenye jalada niliona moja, nikaandika sifuri, na mkono wangu haukusita.

Baada ya wiki mbili alikuja nyapara mpya, akamwamuru Saidi aingie tangini. Saidi akamwambia kuna barua ya daktari inayomkataza, kwa ajili ya kifua chake. Nyapara akacheka mbele ya watu. "Mwoga wa tangi! Kalete barua. Ukija mikono mitupu, ama uingie ama uende kwenu."

Nikafungua S. Aliyeliandika jina jipya alikuwa ametumia karatasi ya njano: "Saidi Juma, tazama Kitsao Ngumbao." Nikafungua K. Hapakuwa na kitu. Nikamwendea tarishi.

"Yale ya sifuri?" akasema. "Nimeyachoma juzi."

Yule daktari alikuwa amekwisharudi kwao Ulaya. Saidi alisimama dirishani akinitazama, na nyuma yake nyapara. Nikamwambia palepale, "Nimekosa mimi. Kadi yako nimeichana, na jalada limeungua."

Karani Mkuu akaniuliza, "Barua hiyo uliisoma?"

"Niliipokea mimi, bwana, na niliisoma."

"Basi andika ulichosoma, kisha uandike ulichofanya. Bila la pili, hakuna atakayekuamini la kwanza."

Nikaandika yote mawili, nikatia sahihi. Meneja alisoma mara mbili, akaamuru Saidi awekwe kwenye pampu. Mimi nikahamishiwa Likoni. Lakini kwa kuwa barua yenyewe haikuonekana, watu walimwita Saidi "mwoga wa tangi" mpaka alipoacha kazi.

Nimestaafu siku nyingi. Mjukuu wangu amenionyesha kwamba kazi yetu bado ipo ndani ya kompyuta. Akiandika ln kitsao saidi, faili moja linapata majina mawili yenye haki sawa. Akiandika ln -s kitsao saidi, anapata karatasi yetu ya njano. Nilimwomba afute kitsao katika kila hali, nione. Katika ya kwanza, saidi alifunguka. Katika ya pili, mashine ilijibu kwamba hakuna faili kama hilo. Nilimwomba arudie mara tatu. Nadhani alichoka.

Saidi tulimzika Mtongwe mwezi uliopita. Baada ya dua nilimfuata binti yake mkubwa, nikampa mkono wa pole. Nikamwambia, "Mama, baba yako hakuwa mwoga. Barua ya daktari ilikuwepo. Kadi niliichana mimi."

Akanitazama sana. "Hayo alitusimulia tangu tukiwa wadogo," akasema. "Kila tulipomuuliza ni karani gani, alisema amesahau jina."

Miaka yote hiyo, kila Idi, Saidi alikuwa akiniletea sahani ya biriani, akibisha mlangoni na kuniita kwa jina langu.