Kibodi Niliyoiacha Kasikeu

Kabla hujaniambia nilikuwa na malaria, sikiza. Nilikuwa mzima, nimekula, saa kumi jioni jua bado linawaka, na haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Mimi nafanya kazi ya kompyuta hapa Zombe, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la kaka yangu. Kazi yenyewe ni moduli, vipande vya programu vinavyoamrisha kompyuta nyingi kwa mpigo: fungua akaunti hii, weka programu ile, zima, washa, bila mtu kuzigusa. Moduli ikiwa na hitilafu narekebisha. Wateja wakitaka ifanye jambo jipya naongeza. Kisha wakubwa wetu walio Nairobi wanaipitia, wanakubali au wanarudisha. Zangu zilirudishwa. Za Kioko hazikurudi hata mara moja.

Kioko ni mwenzangu kazini, kijana wa Kasikeu kule Makueni. Tulianza pamoja, tena wiki ya kwanza nilikaa kwao tukijifunza kwenye meza moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwelekeza. Mimi! Sasa wakubwa walikuwa wakitafuta msimamizi wa moduli zote, na kila mkutano ni Kioko, Kioko. Kulikuwa na moduli moja kaidi iliyodai imebadilisha mashine hata kama haijagusa kitu. Nilihangaika nayo mpaka nikalia. Kioko akaileta imepona, mistari michache tu, safi kabisa. Wivu ulinishika. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba mashine zake za majaribio alikuwa ameziita Katune na Kaseo. Hao ni mbuzi wa nyanya yangu! Mimi ndiye huziita mashine zangu hivyo. Mtu akushinde, halafu akuibie hadi mbuzi?

Jumamosi moja nikafunga safari. Nilitaka kumwona akifanya kazi, nijue siri yake. Kisingizio changu kilikuwa kibodi niliyoiacha kwao ile wiki ya kwanza, yenye herufi K iliyovunjika pembe. Siku ya kuondoka nilimwambia mama yake, "Iache hapo mezani, kesho nakuja kuendelea." Sikurudi. Sasa, kwetu kuna mwethya, ile kazi ya kusaidiana mashambani, leo kwako kesho kwangu. Nyanya alikuwa akituonya: ukiacha jembe lako kwa mwenye shamba, umemwahidi kurudi kulima, na ahadi hiyo haifi. Lakini nani huwaza kwamba kibodi nayo ni jembe?

Nilimkuta Mama Kioko uani akipepeta mbaazi. Aliponiona, ungo ukamtoka mikononi.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, umetoka na mlango gani? Si nimekuacha ndani saa hii ukifanya kazi?"

Nikadhani ni utani. "Mama, mimi ndio nafika kutoka Zombe."

"Na leo umekuja na viatu," akasema, akiniangalia miguu. "Kila jioni unakuja miguu tupu kama mtu hana kwao. Chai nikikupea haunywi."

Kioko akatoka zizini akijipangusa mikono, anacheka cheka kwa haya. "Mimi nilidhani umehamia kwa shangazi yako hapa sokoni. Unakuja, unakaa kwa laptop, hauongei. Asubuhi napata kazi imeisha. Nikajua tu umenipenda."

"Na jina lako ndilo unaweka kwa hiyo kazi?" nikamuuliza.

"Si ulikuwa unanisaidia?"

Nilivua viatu mlangoni, kama adabu inavyotaka, nikaingia. Niamini, yule waliyemsema alikuwa pale. Ameketi mezani, sweta yangu ya manjano mgongoni, vidole vyangu vikicheza juu ya kibodi yangu kwa raha ambayo mimi sijawahi kuisikia nikiwa kazini. Akageuka. Uso wangu, ndugu yangu. Akaniangalia jinsi mimi ninavyomwangalia Kioko. Nilijua wivu huo mara moja, kwani ni wangu.

Nilirukia kibodi nikaichomoa. Kiti kikawa kitupu. Nilikigusa, kilikuwa na joto. Nikatoka mbio hadi barabarani, kibodi kifuani, Mama Kioko akiita jina la Yesu nyuma yangu.

Baada ya hapo kazi ya Kioko ikaharibika, ikawa inarudishwa kila mara. Usimamizi nikapewa mimi. Ungefikiri nilifurahi, sivyo? Lakini kila nikiandika kitu wakubwa wananiambia, "Andika kama Kioko wa zamani." Kioko gani? Ni mkono wangu ule! Ningemweleza nani? Nikaanza kuacha kompyuta wazi jioni, kibodi mezani, na kikombe cha chai kando yake. Chai ilipoa tu. Yule kwangu hakuja.

Juzi kazi ya Kioko ilianza kukubaliwa tena. Mistari michache, safi. Katune na Kaseo wamerudi. Wakubwa wameshaanza kunong'ona kwamba usimamizi ungemfaa yeye. Nilikuwa bado naisoma kazi yake, simu ikalia. Ni Mama Kioko, na sauti yake ni ya furaha.

"Mwiitu wakwa, afadhali siku hizi unakuja na viatu. Na chai unakunywa!"

Nikaangalia miguu yangu. Ile siku nilikimbia nikaviacha viatu mlangoni kwao.

Kwa hivyo wewe unayefanya kazi kwenye nyumba za watu, chukua chako kabla hujaondoka, hata kama ni waya tu. Na usiseme kesho nitarudi kama hurudi. Mimi najua ni lazima niende Kasikeu kuvichukua viatu vyangu, lakini kila Jumamosi naahirisha. Ile mara ya kwanza yule alikuwa hali wala hanywi. Sasa anakunywa chai, mama anampenda, kazi yake haina doa. Nikifika pale mlangoni tena, miguu tupu, wataamini ni nani kati yetu?