Ubao wa lambo niliuandika mwenyewe, ukanibana mwenyewe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine salaam.

Kisa hiki ni changu na sijakiongeza chumvi. Chumvi yote imelambwa na ng'ombe.

Nipo Fukayosi, nafuga ng'ombe wanne. Kijiji kizima tunanywesha mifugo kwenye lambo moja. Kamati ya lambo ilinipa ukatibu kwa sababu nina mwandiko mzuri, na cheo kikanipanda kichwani siku ileile.

Nikatunga sheria, nikaiandika ubaoni kwa rangi nyekundu: MNYAMA MGONJWA HANYWI HAPA SIKU 21. MWENYEWE AMBEBEE MAJI.

Wa kwanza kubanwa nayo alikuwa Bi Mwajuma, mama mtu mzima, mjane. Mbuzi wake watatu walikuwa na upele. Akabeba maji kichwani siku zote ishirini na moja, na mimi kila jioni napita kwake na daftari kuhakiki.

Nikilikumbuka lile daftari natamani kujichapa.

Baadaye bwana mifugo akaja kuchanja ng'ombe ugonjwa wa miguu na midomo. Wenzangu wakachanja wote. Mimi nikapiga hesabu ya kisomi: kama wote wamechanja, ugonjwa utanifikia kupitia wapi? Nikabana hela, nikajiona genius.

Ulipitia kwa mtamba niliyemnunua mnadani na kumchanganya na wenzake siku hiyohiyo. Haikupita wiki mbili, zizi zima linatokwa udenda na kuchechemea.

Nifuate ubao wangu? Thubutu!

Nikasubiri Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini, nikawaswaga kwenda lamboni. Ndiyo wakuu, nilikosa swala ili nivunje sheria yangu.

Nilisahau kwamba wanawake wapo. Bi Mwajuma alikuwa anachota maji.

"Shikamoo Bi Mwajuma."

"Marahaba, katibu." Akawatazama ng'ombe midomoni. "Mimi sijui kusoma. Hebu nisomee huo ubao."

Nikasoma.

"Mbuzi wangu hawakuchanjwa, walichanjwa ng'ombe tu," akasema. "Wakiumwa wale, wajukuu zangu hawana maziwa."

Nikageuza ng'ombe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ng'ombe anakunywa, wakuu! Siku ya pili baiskeli niliyobebea maji ikavunjika spoku, nikaanza kubeba madumu kichwani. Siku ya tatu shingo haigeuki. Bi Mwajuma akaja, akasimama nje ya uzio, akanirushia ngata ya kanga kuukuu.

"Maji yanabebewa ngata, katibu. Ungeniuliza siku zile ulizokuja na daftari."

Nilimwomba radhi palepale, dumu likiwa bado kichwani.

Mtamba alikufa, wanne wamepona. Mbuzi wa Bi Mwajuma wazima kabisa, alhamdulillahi.

Nilichojifunza: maji tukinywesha pamoja, chanjo ya ng'ombe wangu si siri yangu na mfuko wangu. Ukatibu nimeachia, ubao nimeuacha palepale.

Haya, nani mwingine humu alikwepa chanjo akitegemea za majirani? Jitokezeni. Na mwenye maneno mazito anitwishe tu, ngata bado ninayo.