Vidole Vitatu Chini ya Kitambaa

Kwa miaka mingi nimekana kwamba yule msichana aliyemshika Haji Boru mkono mchana kweupe, mbele ya wateja, alikuwa mimi. Nimesema alikuwa karani wa ofisi ya jirani, nimesema alihama, na mara moja, kwenye harusi kule mtaa wa Wabera, nilisimuliwa mkasa wote na mtu asiyenijua, nikacheka kuliko wote pale mezani. Lakini juzi nilimsikia mpwa wangu, ambaye amefungua ofisi yake, akiulizwa bei na mteja naye akajibu, "Hiyo usijali, tutaelewana." Nikaona aibu yangu imekaa kabatini vya kutosha. Alikuwa mimi.

Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta, barabara za kaskazini zikiviziwa na wenye bunduki. Hakuna lori lililotoka Isiolo peke yake. Yalikusanyika, yakangoja askari, yakaondoka kwa msafara. Mjomba wangu Kirimi alikuwa na lori moja na ofisi ya chumba kimoja, na kazi yetu ilikuwa kupeleka mizigo ya watu na kuwatafutia vibali vya njia. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu na digrii yangu (ya historia, msiniulize iliwafaa nini wenye magunia), na mjomba alikuwa ameshanionya kwamba lori likikosa mzigo wa msafara unaofuata, anafunga ofisi na mimi narudi Meru kwa baba, ambaye alikwisha kunichagulia mchumba mwenye ng'ombe wa maziwa na meno machache.

Shida ilikuwa bei. Ilikuwa imepanda kwa ajili ya hatari na kungojangoja, nami nikaona haya kuitaja, kwa hiyo mteja akiuliza nilimweleza habari za turubai letu jipya, na dereva wetu asiyekunywa, na mvua ya njia ya Kinna, mpaka anachoka anaenda zake. Asubuhi ya siku moja kabla ya msafara, mjomba akiwa amekwenda kufuata kibali, nikaamua jambo dogo tu: nitafanya kama wenyeji. Niliwahi kuwaona madalali kwenye soko la mifugo, wanaume wawili wamepeana mikono chini ya shuka, wanaminyana vidole, kila kidole na hesabu yake, na bei inapatikana bila jirani kusikia. Nikasema huu ndio ustaarabu (na kweli ulikuwa dawa nzuri kwa mtu asiyetaka kufungua mdomo).

Karibu na adhuhuri Haji Boru, mwenye duka kubwa mjini, akaingia na dalali wake Guyo. Kwenye benchi walikuwapo watu wengine wakingoja vibali.

"Salaam aleikum. Binti, niko na unga ya kupeleka Kinna kwa dada yangu. Huko duka ni tupu kabisa. Ni pesa ngapi?"

Mwenye akili angeuliza ni magunia mangapi. Mimi nilizunguka meza, nikavuta kitambaa kilichofunika taipureta, nikakitupa juu ya mkono wa Haji, nikaingiza wangu, nikaminya vidole vitatu.

Mkono ule ulikuwa bado na maji. Haji alikuwa ametoka kutia udhu, amepita tu akielekea msikitini, na mimi, mwanamke asiye wake, nimemtengulia udhu hadharani.

"Haji," Guyo akasema, "umenunua ama umenunuliwa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Haji akautoa mkono polepole, akasema "Astaghfirullah," akatoka kutafuta maji tena. Hapo ningenyamaza, lakini nilimfuata mpaka barabarani nikipaza sauti, "Haji, tunaweza kupunguza!"

Kufika alasiri mji mzima ulijua kwamba Haji anaongeza mke, Mmeru, na kwamba msichana amejipangia mahari mwenyewe. Mkewe, Mama Habiba, akaja kuniona.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nilidhani ni mtu mnono."

"Mama, nilikuwa nataja bei ya lori."

"Na mkono?"

"Na mkono."

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa mtandio. "Sasa mwanangu, hao wanaume wakishikana, ngamia iko hapo mbele yao, wanaiona. Wewe ulimwonyesha nini?"

Mjomba aliporudi na kibali alikuwa ameshasikia yote njiani. Hakunigombeza. Alianza kung'oa kalenda ukutani. Nilijua maana yake, ofisi inafungwa, nikaanza kuwaza ng'ombe wa maziwa, ndipo simu ikalia.

"Haji Boru anakutafuta," opereta wa simu akasema, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kuondoka kwenye laini.

"Binti. Hiyo vidole tatu, ilikuwa tatu ya nini?"

"Haji, una magunia mangapi?"

Akaniambia. Yalijaza lori.

"Ni shilingi tatu kwa gunia. Kupakia, kushusha na kibali viko ndani. Askari wakichelewa, hutaongeza kitu."

"Hiyo ni ghali."

Midomo iliniwasha kusema habari za turubai. "Ni ghali, Haji. Ni hiyo barabara," nikasema, kisha nikafanya kazi ngumu kuliko digrii yote: nikanyamaza. Nilisikia pumzi ya Haji, na ya opereta.

"Haya. Lori ikuje dukani jioni. Na ikuje na Kirimi. Wewe kaa hapo na mikono yako."

Mjomba akaanza kutafuta msumari wa kuirudisha kalenda ukutani.

"Shilingi tatu?" akauliza opereta. "Basi hata mimi niko na gunia mbili."