Mama Anamulilia Kijana wa Taka wa India

Ndani ya basi ya West Side, huku ugenini, mama mumoja wa kwetu alikuwa analia mbele ya simu. Binti yake alikuwa anamutafsiria filamu ya Kimarathi, ya vijana wanaobeba taka za mji kule India. Ndani ya filamu, baba ya musichana alikuwa amekataa posa ya kijana mumoja sababu ya ile kazi.

"Huyu baba hana roho," mama akasema, akipangusa macho na kitenge. "Kazi ni kazi."

Binti akasimamisha filamu. "Bon, mama. Basi kijana wangu alete posa?"

"Wako anayebeba taka na gari ya kamyo? Hapana."

"Si umesema kazi ni kazi?"

"Ule wa filamu hanuki."

Basi nzima tukacheka. Binti hakucheka. "Wangu anaoga, mama."

"Na akipita kwetu na ile kamyo, majirani watasema nini?"

"Watasema mukwe wako amekuja kukutolea pipa."

Basi ikafika stop ya kanisa. Mama akamugusa binti na kiwiko. "Weka filamu. Nione kama ule baba atakubali."

Mimi nilishuka hapo. Kijana wa kamyo, kama unasoma hii, muombee ule baba wa India. Posa yako iko mikononi mwake.